Kikohozi cha Bi Behjat

Kwa Bi Behjat mwaka ulikuwa na majira mawili tu: baridi, na maandalizi ya baridi. Mwezi wa nane, wenzake wa Hamadan wakipanda mlima Alvand kupunga upepo, yeye alikuwa uani anaanika nanaa, anasuka vitunguu saumu na kuligombeza jua kwa uvivu. Kufika vuli, stoo yake ilikuwa imejaa kila kitu cha kumtia mtu joto tumboni: jozi, zabibu kavu, asali, shira ya zabibu, na turnipu alizozifukia kwenye mchanga ili zisinyauke.

Maana kwetu chakula hakipimwi kwa ladha peke yake. Kuna chakula cha moto na kuna chakula cha baridi, na hapa hatusemi habari za jiko. Asali ni moto hata ukiitoa kwenye theluji, na mtindi ni baridi hata ukiuchemsha. Mtu akila vya baridi tupu, ataumwa. Akizidi kuvila, atanuna. Na mtu mwenye kununa katika majira ya baridi, alisema Bi Behjat, huyo ameshakwisha nusu, kilichobaki ni sanda. Yeye alijilisha vya moto asubuhi na jioni. Kwa upande wa furaha alikuwa na dawa nyingine: kila siku lazima agombane na mtu mmoja na kucheka na mmoja, la sivyo damu huganda. Mara nyingi mtu alikuwa huyo huyo, Bi Nosrat wa mlango unaotazamana na wake, mjane kama yeye, aliyekuwa akiikimbia nyumba yake mwenyewe iliyojaa mwana, mkwe na wajukuu.

Mwaka huu kutoumwa hakukuwa suala la afya tu. Baridi iliyopita Bi Behjat, na miaka yake sabini na kitu, alipanda darini kupakua theluji kwa koleo la mti, akateremka na nimonia. Binti yake wa pekee, Mahrokh, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya bima huko Tehran, alimfuata, akamviringisha kwenye shali kama mtoto mchanga na kumpeleka kwenye fleti yake, ghorofa ya tisa. Bi Behjat alikaa kule mpaka Nairuzi, mwaka mpya wetu unaofunga majira ya baridi. Alirudi mapafu yamepona, kinywa kimejaa lawama. Ghorofa ya tisa, alimwambia kila aliyemsikiliza, huna hata wa kugombana naye; ukifungua dirisha unasalimiana na moshi wa magari.

Vuli ilipofika Mahrokh alipiga simu. Nyumba ya Hamadan ipangishwe, mama ahamie Tehran moja kwa moja. Mama akakata simu. Binti akapiga tena. Waligombana kwa wiki nzima, mpaka wakafikia ahadi. Kwetu kuna chile kubwa, zile siku arobaini za baridi kali zinazoanza na usiku mrefu kuliko zote. Bi Behjat akizipita salama, Mahrokh hatalitaja tena jina la Tehran mbele yake. Akiumwa, atafunga mizigo mwenyewe bila kunung'unika. Siku za mwisho Mahrokh angekuja kukagua kwa macho yake.

"Hata mafua?" aliuliza Bi Behjat.

"Hata mafua, mama. Kikohozi kimoja tu, tunaondoka wote."

"Nimekubali. Wewe tafuta kamba ya kufungia mdomo wako, maana utaihitaji."

Na kweli alijilinda, tena kwa kiburi. Alivaa soksi mbili mbili. Alikunywa chai ya tangawizi yenye sukari ya mawe mpaka ulimi ukawa mzito. Muda wote alikuwa kwenye korsi, ile meza yetu fupi yenye moto chini na mfarishi mkubwa juu, ambapo mtu huingiza miguu na kiuno na kuubakisha ulimi nje kwa mazungumzo. Siku hizi chini yake ni hita ya umeme badala ya makaa, lakini utamu ni ule ule. Kila jioni alimpigia Mahrokh simu na kumpumulia kwa nguvu masikioni ili asikie mapafu yalivyo safi.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Kilichomla Bi Behjat kilikuwa adabu yake.

Jumatatu ya wiki ya mwisho, Bi Nosrat alikuja kurudisha bakuli. Bakuli kwetu halirudi tupu, kwa hiyo lilirudi na supu nzito ya tambi na maharage; na aliyeleta supu haachwi aondoke bila chai; na chai haina mwisho mpaka mgeni aage mara tatu. Alasiri Bi Nosrat aliaga mara ya tatu, na Bi Behjat akatoka kumsindikiza mpaka mlango wa nje. Alikuwa na sapatu miguuni na shali moja mabegani, kwani kumsindikiza mgeni ni jambo la dakika moja. Theluji ilikuwa ikianguka taratibu. Kati ya milango yao miwili kulikuwa na kichochoro ambacho hata mbuzi mvivu angekiruka.

"Haya shoga, rudi ndani, utaumwa," alisema Bi Nosrat.

"Nirudi nikuache njiani? Nimelelewa wapi mimi? Fika kwako kwanza."

"Siwezi kukupa mgongo. Ingia wewe, ndipo mimi niende."

"Nosrat, wallahi huniingizi ndani kabla yako."

"Na mimi sisogei. Wewe ndiye mkubwa."

"Ukubwa wa miezi minne nao ni ukubwa? Nenda zako, mwanamke."

"Tangulia."

"Tangulia wewe."

Hii ndiyo taarofu, bibi wa adabu zetu zote. Anayetangulia kuingia ameshindwa, na anayeshindwa hujulikana mtaa mzima kuwa hana malezi. Basi wakasimama. Na kwa kuwa kusimama kimya nako si adabu, walizungumza. Walimzungumzia mkwe wa Bi Nosrat, anayepika wali ukawa uji. Wakaizungumzia bei ya nyama. Wakamzungumzia daktari mpya wa meno, aliyeoa binti wa watu na kumrudisha kabla mahari hayajakauka wino. Azani ya magharibi iliwakuta pale pale, theluji imewajaa mabegani, kila mmoja akimhimiza mwenzake asikae baridini.

Aliyewaachanisha ni mwana wa Bi Nosrat aliyekuwa akitoka kazini. Alisalimu, akamshika mama yake mkono, akamwingiza ndani. Kwa hiyo Bi Nosrat ndiye aliyetangulia, na Bi Behjat akafunga mlango wake kwa ushindi. Asubuhi yake aliamka koo linawasha kama amemeza kipande cha mkeka.

Bi Nosrat alipokuja, pua yake mwenyewe ilikuwa nyekundu.

"Umeniua, Nosrat."

"Mimi? Si nilikwambia uingie ndani?"

"Uliniambia kwa adabu. Ungenitukana ningeingia."

Bi Nosrat alijifuta pua. Kisha akavua shali na kuingia jikoni. Kwa siku mbili wawili hao walichemsha turnipu na kuuvuta mvuke wake wakiwa wamejifunika taulo, wakagugumia asali, wakajipaka mafuta ya mkia wa kondoo kifuani mpaka wakanuka kama sufuria la pilau. Homa iliondoka. Mafua yaliondoka. Kikohozi kikabaki, kama mgeni aliyeonja pilau na kusikia kesho kuna biriani.

"Mwambie ukweli," alisema Bi Nosrat. "Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Hiki si maradhi, ni kikohozi. Na nikimwambia, keshokutwa naamka ghorofa ya tisa. Wewe utagombana na nani?"

Bi Nosrat alilifikiria hilo. Nyumbani kwake wa kugombana naye walikuwepo wengi, lakini hakuna aliyeijua kazi hiyo kama Behjat. "Basi sikiliza," alisema. "Mimi ninaruhusiwa kuumwa. Mimi sina ahadi na mtu. Nitakaa karibu yako. Kikikushika, nitakikohoa mimi."

Mahrokh alifika Alhamisi adhuhuri na begi dogo. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye weusi chini ya macho, na koti la kijivu la ofisini. Alimbusu mama yake mashavu yote mawili, kisha akarudi nyuma hatua moja na kumtazama.

"Mama, mbona sauti yako hivyo?"

"Sauti ipi?"

"Hiyo."

"Kunguru. Tangu alfajiri nawafokea, wanataka jozi zangu."

Mahrokh aliweka begi chini. Alivua viatu, akaingia, akachungulia jikoni, akafunua masufuria. Bi Behjat alimfuata kimya, akipumua kwa pua tu, akimeza mate kila koo lilipowasha.

"Na mbona hujanigombeza?" aliuliza Mahrokh. "Nimeshakaa muda wote huu hujasema hata neno moja baya. Mama, unaumwa?"

Bi Behjat aliliona shimo. Akakusanya sauti yote iliyobaki. "Umekonda kama mwiko," alisema. "Koti gani hilo lisilofika hata magotini. Na nywele umezifanya nini, au ndiyo bima yenyewe hiyo?"

Mahrokh alitabasamu, akaenda kuchomeka miguu kwenye korsi. Bi Behjat alikimbilia uani na kukohoa ndani ya kilemba cha marehemu mumewe, kilichokuwa kimeanikwa pale tangu Ashura kwa baraka.

Lakini uani si mahali pa kukimbilia kila mara, na hapo ndipo akili yake ilipofanya kazi. Kwetu, mgeni akija, huchomewa mbegu za esfand kwenye makaa ili jicho la hasidi lipasuke. Moshi wake ni mzito, na hakuna mtu asiyekohoa. Bi Behjat alileta chetezo, akamzungushia bintiye kichwani, na wote wawili wakakohoa kwa pamoja, mmoja kwa moshi na mwingine kwa raha. Baada ya kitambo akaleta tena. Kisha tena. Mara ya nne jirani wa nyuma alipiga kelele ukutani akiuliza kama aite zimamoto.

"Mama," alisema Mahrokh, machozi yakimtoka, "hili jicho ni la nani, mbona halifi?"

"La mkwe wa Nosrat. Lina shingo ngumu."

Aliyeokoa nyumba isifukizwe mara ya tano ni Bi Nosrat mwenyewe, aliyeingia na leso puani na kujikohoza tangu mlangoni ili ajulikane. "Mimi mgonjwa, mwanangu, usinibusu," alimwambia Mahrokh, akaenda kuketi ubavuni mwa Bi Behjat, bega kwa bega.

Mpango ulikuwa mzuri, ila ulitaka wanamuziki, na hawa hawakuwahi hata kuimba pamoja harusini. Bi Behjat alipokibonyeza kidole cha mwenzake chini ya mfarishi, Bi Nosrat alikohoa. Lakini mara alikohoa mapema, mara akachelewa, na mara moja kikohozi kilisikika huku yeye akiwa anakunywa chai.

"Mama mdogo," alisema Mahrokh, "umekohoaje na glasi mdomoni?"

"Uzee, mwanangu. Siku hizi kinatokea popote."

"Pole sana."

"Kikohozi changu hiki ni kibaya," alisema Bi Nosrat. "Changu kabisa. Mama yako ni mzima kama kengele."

Mahrokh aliitika kwa kichwa, akavuta begi lake, akatoa kipimajoto. Bi Behjat alikipokea kwa ncha za vidole. Alikiweka kwapani, akajifunika mfarishi mpaka kidevuni kwa hofu, na hakukumbuka kwamba chini yake kulikuwa na hita. Kipimajoto kilipotoka, Mahrokh alikisoma mara mbili.

"Mama, una homa ya kulazwa."

"Homa yako mwenyewe. Hiyo ni korsi."

"Nipime na mimi," alisema Bi Nosrat haraka, akikinyooshea kipimajoto kidole. "Mimi kwanza. Kisha ujipime na wewe."

Wakampima Bi Nosrat: homa ya kulazwa. Mahrokh akajipima mwenyewe: alikuwa mgonjwa kuwapita wote wawili, maana alikaa karibu na hita. Alikitazama kile kipimajoto, akawatazama vikongwe wawili waliojifunika mpaka shingoni, na ghafla akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea mto, mkono kwenye mbavu. Bi Behjat naye akacheka, kwa tahadhari, mdomo umefumba. Alijua fika kicheko kikifunguka, kikohozi kitatoka nacho mlango mmoja.

Kicheko kilipoisha, Mahrokh alikuwa amelala. Alilala pale pale, shavu kwenye mto, miwani imepinda. Bi Nosrat akaenda zake kwa kunyata. Chakula cha jioni kikapoa. Bi Behjat aliivua ile miwani, akamfunika bintiye mabega, kisha akaenda stoo, akafunga mlango, na kukohoa kati ya turnipu mpaka akaishiwa na pumzi.

Mahrokh aliamka Ijumaa jua limeshatoka. Alikaa kitako, nywele zimesimama, kama hajui yuko wapi.

"Nimelala tangu jana?"

"Kama gogo. Hata kukoroma umekoroma, kama marehemu baba yako."

"Sijalala hivi tangu Nairuzi." Akashika glasi ya chai kwa mikono miwili. Tangu mumewe alipokwenda zake Kanada na kumletea talaka kupitia wakili, hakuwa mtu wa kusema sana mambo yake, na mama yake hakuwa mtu wa kuuliza kwa upole. Lakini usingizi ulikuwa haujamtoka sawasawa, na maneno yakamtoka yenyewe. "Unajua mama, asubuhi nikienda kazini naacha redio ikiwaka."

"Umeme bure?"

"Ili nikirudi jioni, nikifungua mlango, nisikie mtu."

Bi Behjat alikuwa na jibu la umeme tayari ulimini. Akalimeza. Aliikumbuka ile baridi ya Tehran, jioni baada ya jioni: Mahrokh akiingia na baridi kwenye koti, yeye akimpokea kwa kumwambia mchuzi umekosa chumvi kwa sababu madukani kwao hakuna chumvi ya maana, Mahrokh akijibu, yeye akirudisha, mpaka wote wawili wakaishia kucheka mbele ya televisheni. Muda wote alidhani mateso yale yalikuwa yake peke yake, na kwamba binti anamvumilia. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu aliyekuwa akizisubiri jioni zile. Moyo ulimuuma, na safari hii hakuwa na turnipu ya kuutibu.

Basi la Tehran lilikuwa la adhuhuri. Bi Nosrat alikuja mapema kuaga, na kulinda. Alikuwa anatafuna mkate na jibini pale korsini wakati Mahrokh alipofunga begi, akavaa koti, akasimama mbele ya mama yake kama hakimu.

"Haya mama. Chile kubwa imekwisha leo. Nimekukagua. Huumwi."

"Siumwi," alisema Bi Behjat.

"Basi umeshinda. Ahadi ni deni. Kaa nyumbani kwako, na jina la Tehran sitalitaja tena." Akainama, akambusu mama yake kichwani, akamshika bega kwa muda kidogo zaidi ya unaohitajika kwa kuaga. "Ila usipande darini. Mpe mtu hela apakue theluji."

Akachukua begi. Bi Nosrat, mdomo umejaa mkate, alimfinya Bi Behjat chini ya mfarishi kwa furaha. Ushindi ulikuwa wao: nyumba, ua, stoo, kichochoro, ugomvi wa kila siku. Bi Behjat alimtazama bintiye akifunga vifungo vya lile koti fupi. Alimwona akiingia kwenye ile fleti jioni hiyo, na redio ikimpokea.

Mahrokh alikuwa ameshashika kitasa cha mlango.

Bi Behjat alikohoa.

Hakukohoa kidogo. Alikiachia chote, kile cha Jumanne na cha Jumatano na cha stoo, kikohozi kirefu kilichotikisa glasi juu ya meza na kumkunja mgongo, na kilipotaka kuisha akakiongezea kingine.

"Ni mimi," alisema Bi Nosrat haraka, makombo ya mkate yakimruka. "Mwanangu, ni mimi huyo. Kikohozi changu."

"Nyamaza, Nosrat," alisema Bi Behjat, akijifuta macho. "Hiki ni changu."

Mahrokh aliweka begi chini, lakini hakugeuka.

"Nilikusikia jana stoo, hata usingizini," alisema. "Nilikuachia ushinde."

"Nani kakuomba uniachie? Kikohozi kimoja, tunaondoka wote, ulisema mwenyewe. Au bima yenu ndivyo inavyolipa, kwa kupindisha maneno? Shusha lile sanduku la kijani hapo juu. Na nenda stoo utie turnipu kwenye mfuko, zile za chini, maana huko kwenu hakuna turnipu, kuna maji yaliyopakwa rangi."

Mahrokh aligeuka. Alikuwa analia na kucheka, na vyote viwili vilimfanya aonekane kama alipokuwa na miaka saba. Alikuja akapiga magoti na kuficha uso kwenye mfarishi, mapajani mwa mama yake. Bi Nosrat alitazama ukutani, akatafuna taratibu, kisha akasimama na kwenda mwenyewe kulishusha lile sanduku la kijani.